Shanta ya Kapteni na Beseni la Mjerumani

Nikinusa dawa ya viatu, ile nyeusi ya kopo, damu inanichemka kabla sijakumbuka kwa nini. Juzi vijana wa mtaani kwetu walikaa barazani kwangu wakipiga buti rangi, kwa sababu wanataka kuifufua ngoma ya beni. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wa kapteni, wakaniuliza afisa anapoingia uwanjani anatakiwa awe na nini. Wao walishapanga yao: miwani myeusi, kifimbo, na darubini ya kuazima.

"Bibie, tupe na ile ya kapteni aliyeshindwa na beseni," mmoja akasema, na wenzake wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

Hadithi hiyo Ujiji nzima inaijua. Wewe unayenisoma labda huijui, basi sogea nikupe yote. Wenzangu huishia pale panapochekesha, na hapo ndipo wanaponikera.

Beni, kwa asiyeijua, ni ngoma ya kuigiza jeshi. Kuna tarumbeta, ngoma kubwa ya kutetemesha mabati, gwaride na vyeo. Babu yangu, Mzee Rajabu, alikuwa kapteni wake. Buti zake zilimeta hata kuku walisimama mbele yake kujitazama, na akipuliza filimbi hapa Ujiji, wavuvi wa Kongo ng'ambo ya ziwa walisimama mguu sawa. Lakini kilichomfanya awe kapteni ni shanta, mfuko wa turubai uliovaliwa begani, ambao siku za kawaida ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na chupa mbili za maji, moja yake na nyingine ya mtu wa mwisho kwenye msururu. Mlikuwa na bandeji za shuka kuukuu lililochemshwa, chumvi kwenye fundo la kitambaa, karanga, sindano na uzi. Kila kitu kilinuka turubai na moshi, na karanga zilikuwa na ladha ya bandeji. Nazijua kwa sababu nilikuwa naziiba.

Baba yake Babu alikuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani. Alibeba kichwani beseni la kuogea la afisa mmoja Mjerumani, milima kwa mabonde, na yule afisa akitembea mbele mikono mitupu. Watoto wa wapagazi wale ndio walioanzisha beni yetu. "Nguo zao tulizichukua," Babu alipenda kusema, "mikono mitupu tukawaachia." Ndiyo maana kwetu afisa alijibebea mwenyewe. Tena kabla hajakanyaga uwanja, mtu yeyote, hata mtoto, aliruhusiwa kupaza sauti: "Ukaguzi!" Hapo afisa anafungua shanta mbele ya watu. Ikipungua kitu, anatwishwa mzigo wa yule wa mwisho. Mimi nilimkagua Babu mpaka akienda chooni.

Basi ikaja ile miaka ya wakimbizi. Maboti yaliwatoa watu Kagunga, mpakani na Burundi, usiku na mchana, ukadhani ziwa lenyewe litachoka. Wengi walipelekwa kambini. Wachache walibaki mjini kimyakimya, na mmoja wao alikuwa Mama Esperansi, aliyekaa chumba cha uani kwetu Buzebazeba na binti yake wa rika langu. Kirundi chake na Kiha chetu ni ndugu, hivyo Bibi alimtangaza kuwa shemeji yetu kutoka Kasulu, na watu wakakubali. Aliuza sombe, yaani kisamvu, aliyoitwanga mwenyewe, alitembea akiambaa na ukuta, na hakucheka nje ya ua. Kambini walikuwemo watu waliomuua mumewe. Hilo alimwambia Bibi mara moja tu, wakichambua dagaa, na mimi nilikuwa chini ya meza.

Mwaka ule kulikuwa na sherehe uwanjani Katubuka, na mgeni rasmi alitaka kuona igizo la vita vya zamani. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mtu aliyependa picha kuliko wali, akaja nyumbani akajipa ukapteni.

"Mzee Rajabu, wewe umri umekwenda. Utakaa nyuma na wapiga tarumbeta."

"Na wapagazi je?" Babu akauliza.

"Tutachukua wakimbizi. Wale wamezoea kubeba." Kisha akatupa jicho uani, Mama Esperansi alipokuwa ameinama kwenye kinu. "Na huyo shemeji yenu naye aje. Au niulize ametokea Kasulu ipi?"

Namkumbuka Babu alivyochukua kopo la dawa ya viatu, akaanza kupaka buti. Mama Esperansi ndiye aliyejibu, mchi bado mkononi. "Nitabeba, Mzee."

Siku yenyewe walimtwisha beseni la bati, kubwa kama mtumbwi, na mwenyekiti akaamuru litiwe mawe chini ya kitambaa, ili shingo zionekane zinabeba kweli. Tukatoka Ujiji juani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mwenyekiti mbele, kifimbo kwapani, shanta yake mpya imevimba vizuri. Mama Esperansi alikuwa wa mwisho. Nilitembea kando yake na binti yake, nikaona jasho likimchirizika mpaka kwenye visigino.

Pale kwenye mlango wa uwanja tarumbeta moja ikanyamaza, na sauti ya Babu ikapaa: "Ukaguzi!"

"Mzee, usituharibie shughuli," mwenyekiti akasema.

Mgeni rasmi, aliyesimama pale kutupokea, akauliza ni nini hicho, akaelezwa, akafurahi. "Basi fungua, Kapteni. Mila ni mila."

Shanta ikafunguliwa. Mlikuwa na magazeti yaliyokunjwakunjwa, na kitana. Chupa ya maji ilikuwa kavu hata buibui angekufa kiu. Uwanja ukalipuka. "Atwikwe! Atwikwe!" Mama Esperansi akatuliwa beseni; mwenyekiti akainama, akalikumbatia, likakataa. Akavuta tena, na suruali ikapasuka kwa mlio ambao nakuapia ulisikika Kalemie. Nilicheka nikakaa chini. Mgeni rasmi alifuta machozi kwa leso.

Hapo ndipo Ujiji wanapoishia. Wanapiga makofi, wanaagiza chai.

Lakini mgeni rasmi, bado anacheka, alimgeukia Mama Esperansi. "Na wewe mama, nguvu hizo umezitoa wapi? Kwenu ni wapi?"

Mwenyekiti akawahi kujibu, ameshika suruali kwa nyuma. "Huyo ni mkimbizi, mheshimiwa. Anaishi mjini bila kibali." Naye akacheka, kama mtu anayekamilisha utani.

Kesho yake asubuhi lori la kupeleka wakimbizi kambini lilisimama mbele ya nyumba yetu. Mama Esperansi alikuwa amekwisha kufunga fundo lake. Babu akatoka na shanta, akamvisha binti begani, chupa mbili zimejaa, karanga zimeongezwa.

"Urakoze, Mzee," Mama Esperansi akashukuru kwa Kirundi.

Babu akashika ubao wa lori. "Ukaguzi ule ilinipasa kuuita palepale uani, mama. Siku ile ile mwenyekiti alipokuja."

Mimi nikaona Babu amechanganyikiwa. Uani hakukuwa na gwaride wala tarumbeta, sasa angemkagua nani? Historia ya vita niliisoma ukubwani, darasa la usiku, na ni huko, mwalimu akitaja wapagazi kwa sentensi moja na kupita, nilipoelewa ghafla, nikashindwa kuandika kwa hasira. Aliyetakiwa kufunguliwa shanta siku ile ni Babu mwenyewe. Alijikagua, akaona ile chupa ya mtu wa mwisho haimo: alimwacha Mama Esperansi ajibu peke yake.

Hatukupata habari zao tena. Mwenyekiti alikufa kitandani kwake, mzee, akisalimiwa shikamoo na mji mzima.

Vijana waliweka buti mapajani. Kisha mmoja akauliza iko wapi hiyo shanta, waitundike ukutani kama ukumbusho.

"Iko kazini," nikamwambia. "Nyinyi tafuteni zenu. Na kabla hamjatafuta hizo darubini, tazameni nyuma yenu, mniambie nani mmemtwisha beseni."