Wimbo wa Chungu Kibichi

Tatu binti Hemedi alikuwa kungwi wa Mikindani kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo alinyimwa mtoto mmoja tu wa kumfunda: Zuhura, binti wa mdogo wake wa tumbo moja, Mwanaisha. Siku alipotaka Zuhura achezwe unyago na wenzake, Mwanaisha alisimama katikati ya ua, wanawake zaidi ya kumi wakimsikia, akasema, "Mwanangu hatafundishwa kukata kiuno na watu wasiojua kusoma." Akahamia naye Dar es Salaam. Tatu alilimeza neno hilo, lakini halikushuka.

Zuhura akasomea muziki chuo kikuu. Alikuwa na sauti nyembamba ya juu, ile iitwayo soprano, na alipofika miaka ishirini na mitatu akaanza kurekodi albamu yake ya kwanza: nyimbo za opera za Kitaliano, na nyimbo za kusini zilizopigiwa fidla na piano. Alikosa wimbo mmoja tu, wa kwao hasa. Akarudi Mikindani kuutafuta, hali Kimakonde hakijui hata cha kuombea maji.

"Mama mkubwa, naomba wimbo wa kubembelezea mtoto," alisema, akiweka simu ya kurekodia kwenye mkeka.

Tatu alikuwa akimenya mihogo. "Zipo nyingi. Unataka wa mtoto mtulivu au mkorofi?"

"Wa mtoto kama mimi."

"Basi ninao wa kwako kabisa."

Akamwimbia wimbo wa Kimakonde ambao makungwi humsuta nao msungo, yaani msichana mkubwa asiyechezwa. Kwa juu unasema chungu kibichi kinalilia maji, kisubiri, maji ni ya kesho. Kwa ndani, kila mstari ni tusi la mwili wa msichana, na wanawake waliopita unyagoni tu ndio walijuao. Zuhura aliandika maneno kwenye daftari. Neno la mwisho lilimshinda, na Tatu akamkaririsha mara nne, kwa upole, mpaka tusi likamkaa sawasawa mdomoni.

Hesabu ya Tatu ilikuwa fupi. Ya unyagoni hayaelezwi kwa msungo. Hata Mwanaisha, aliyechezwa, asingeweza kumfumbulia mwanawe bila kuvunja kiapo. Jiwe lingefika, na mrushaji asingeonekana.

Albamu ikazinduliwa Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja wa Mtwara mjini. Wanawake wa Mikindani walikuja na Bi Somoe, mkubwa wa makungwi. Tatu alikaa nyuma ya mdogo wake, makusudi.

Nyimbo za Kitaliano zilipigiwa makofi ya adabu. Kisha fidla zikaanza taratibu, na Zuhura, ndani ya gauni jeupe, akaimba wimbo wa chungu. Mstari wa pili haujaisha, mwanamke mmoja akaguna. Mwingine akajiziba mdomo kwa kanga. Halafu upande mzima wa wanawake ukaangua kicheko. Wanaume, waliosikia chungu na maji tu, wakapiga makofi wakidhani ni furaha. Zuhura naye akadhani hivyo. Akatabasamu, akaupandisha mstari wa tatu, ule mchafu kuliko yote, akaushikilia juu mpaka pumzi ikamwishia.

Mwanaisha hakugeuka. Tatu aliuona mshipa wa shingo yake ukipiga, akashiba.

"Rudia, mwanangu," sauti ya mwanamke ikaomba. Akarudia.

Kisha Zuhura akasema, "Wimbo huu nilifundishwa na mama yangu mkubwa, Tatu binti Hemedi. Jina lake liko kwenye jalada. Mama mkubwa, simama watu wakuone."

Vicheko vikakatika. Msungo kuimba asichokijua ni la kuchekwa. Kungwi kuutoa wimbo nje ni jingine: ni kuvunja kiapo. Tatu akasimama, maana kukaa hakukuwezekana tena.

Nje ya ukumbi Mwanaisha alimfuata. "Dada, mwanangu alikukosea nini?"

"Yeye hakunikosea. Wewe ulinikosea."

"Ungenitukana mimi."

"Wewe umechezwa. Tusi hilo halikuingii."

Zuhura akaja mbio, jasho usoni. "Walikuwa wanacheka nini, mama?"

Mwanaisha, kiapo kikimfunga, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Walifurahi," Tatu akamjibu, akamwacha na mama yake, akaenda barabarani walikokuwa wenzake wakisubiri daladala.

"Bi Somoe," alisema, "likizo ya Juni tuna watoto tisa. Nitakuja mapema na ngoma."

"Ngoma tutampa mwingine. Wewe njoo kama wageni, ukae nje na wanaume."

"Mimi ni kungwi, bibi."

"Kungwi ana siri, Tatu. Wewe una albamu."

Wanawake wakacheka, kicheko kilekile cha ukumbini, gari likaja, wakapanda. Nafasi moja ilibaki. Bi Somoe akaweka mkoba wake hapo, akamwambia dereva aondoe gari.