Wakikwambia Filamu Yako ni Kopi

Nakumbuka, mwanangu, alasiri moja nikiwa ndani ya kibanda cha video hapa Busia, kidole changu kikiwa juu ya kitufe cha kufuta na filamu yangu nzima ikingoja kupotea. Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka michache tu, na huyu wangu wa kumzaa ananyonya hapa ninapoandika. Lakini juzi ulikuja jikoni kwangu unalia kwamba filamu yako ya kwanza imeitwa kopi. Nilikasirika kuliko wewe. Basi kwa jambo hili mimi ndiye mzee wako, nisikilize.

Unajua sisi tulisomea filamu wapi. Kwenye kile kibanda, mbele ya Mzee Opio, mtafsiri wa filamu, na maiki yake. Mchina anasema, Mzee anashusha sauti ya filamu, anatuambia kwa Kiswahili kilichosemwa, na anaongeza vyake. Mfalme wa huko mbali anakuwa mtu wa Molo, mwenye deni la pombe. Tulicheka, tulilia, hatukuuliza nani kaiba nini.

Kulikuwa na filamu moja ya Wachina niliyoipenda. Mjane anasingiziwa na mashemeji kwamba amemuua mumewe, wapate kuchukua shamba. Mwisho anafungua nywele zake ndefu, anapiga magoti mbele ya wazee, anaomba. Sasa shangazi yangu Athieno alipofukuzwa kwake Kwapa baada ya kumzika mumewe, kwa maneno hayo hayo, nikasema filamu ninayo. Nikaichukua hadithi ile kama ilivyo: kifo, uongo, kikao cha ukoo. Sikuficha. Nikapiga kwa simu yangu. Shangazi mwenyewe akawa mjane, majirani wakawa mashemeji.

Tulipofika pale pa magoti, shangazi akagoma.

"Hao nimewapigia magoti tangu nimeolewa. Leo tena nipige kwa sababu ya Mchina? Na hizo nywele za kufungua ziko wapi?"

Akaingia ndani, akatoka na kiti cha marehemu mumewe, kitu pekee alichoondoka nacho Kwapa. Kiti cha mwenye nyumba, mwanangu, unajua mwenyewe hakikaliwi ovyo, tena na mwanamke. Akakiweka mbele ya wale mashemeji wa uongo, akakaa. Nami sikuzima simu.

Siku ya kuonyesha, Mzee Opio alitupa kibanda bure. Watu walijaa, na wanafunzi wa chuo cha kule Busitema wakakaa nyuma na midomo yao. Filamu haijakwenda mbali, mmoja akapiga kelele.

"Hii tuliona! Iko kopi ya Wachina!"

"Mama Kopi! Lete ile ya asili!"

Kibanda kizima kikacheka. Wakaendelea kucheka kila mtu alipozungumza ndani ya filamu. Shangazi alikuwa amekaa mbele kabisa, kitambaa kimemshuka usoni, hakukirudisha. Mimi nikavumilia aibu ile mpaka mwisho. Watu walipotoka nikashika simu. Nakala nyingine sikuwa nayo.

"Unafanya nini?" Mzee Opio akauliza, anakunja waya zake.

"Nafuta."

"Kwa nini?"

"Hukusikia? Nimeiba."

"Nilisikia. Mimi masikio yangu ndiyo kazi yangu. Wewe ndiye hukusikia. Keti, binti. Na hiyo simu weka chini, usifute kitu na hasira."

Nikamjibu vibaya, sitaficha. Nikamwambia yeye ameishi kwa filamu za watu maisha yake yote, atanifundisha nini kuhusu wizi. Hakukasirika. Akawasha filamu yangu tena, sisi watatu tu, yeye, mimi na shangazi, akasema niangalie vinywa.

Ndipo nikaona. Kila mwigizaji wangu alikuwa anasema neno lake, kisha ananyamaza na kungoja. Anasema, anangoja. Wote! Walikuwa wanampisha mtafsiri aseme. Tulizoea filamu namna hiyo, tukadhani ndivyo watu wa filamu wanavyozungumza. Hata mimi niliyewaelekeza sikuona.

"Hicho ndicho walichokicheka," Mzee akasema. "Yule kijana alisema kopi kwa sababu hakujua jina lingine la kukiita. Hadithi uliikopa ukijua, ukaiangalia, shangazi yako akakataa magoti akaleta kiti. Alipokaa, kuna mtu alicheka?"

Nikakumbuka. Hakucheka mtu. Hata wale wa nyuma.

"Lakini huku kungoja ulikukopa bila kujua umekopa. Hicho ndicho cha kukata. Ukifuta yote, umewasaidia mashemeji."

Shangazi akavuta kitambaa chake juu. "Kata, mama," akaniambia. "Lakini kiti usiguse."

Nilikata kule kungoja kote, mtoto mgongoni, nikilaani. Tukaipeleka Molo, karibu na kwao mashemeji. Huko pia akatokea mpiga kelele wake, "Hii tuliiona zamani!" Mama mmoja aliyembeba mjukuu akageuka, akamwangalia.

"Kama uliona zamani, ulikuwa unajua. Mbona ulinyamaza?"

Na mashemeji wa kweli wa shangazi, waliomfukuza Kwapa, walikuwa wamesimama mlangoni wakisikia.

Kwa hiyo mwanangu, futa machozi, usifute filamu. Hao wanaokucheka wametazama Wachina wakipigana juu ya paa mara ngapi, na wanalipa tena kesho? Kopi wanaiona tu akiitengeneza msichana wa hapa. Kopa. Sema wazi umekopa wapi. Kisha pita katika kila ulichokikopa, kipande kwa kipande, uulize: huyu wa kwetu angefanya hivi? Akikataa mwigizaji wako, mwache akatae, washa simu. Na kubwa zaidi, tafuta kile ulichokibeba bila kujiona, maana hicho hakitakuja kukuambia.

Mungu akupe macho ya kuiona kazi yako kabla ya maadui zako, na akupe mtu wa kukushika mkono ukiwa na hasira. Siku hiyo usipompata, njoo jikoni kwangu. Nitakukaripia, kisha tutakula.