Zamu ya A, Zamu ya B

Sisi tuliokulia Isiolo kabla simu hazijaanza kupapaswa tunajua kusubiri. Nyumbani kwetu tulikuwa na kompyuta mbili na skrini moja. Baba alizipata kuukuu kwa rafiki yake wa Garbatulla, na barabara ile ikavunja skrini ya pili kabla hajafika hata Kulamawe. Fundi akatuletea kisanduku chenye kitufe. Ukikizungusha kwenye A, skrini inaonyesha kompyuta ya dada Halima. Kwenye B, yangu. Kibodi kila mtu alikuwa na yake, kwa hiyo asiye na zamu aliandika kama kipofu. Insha zangu za wakati ule hata mwalimu hakuzielewa.

Baba alikulia visimani, ambako kuna herega, zamu ya maji, na aba herega, mzee anayepanga mifugo ya nani inywe kwanza. Basi akajiteua aba herega wa skrini. Aliketi kwenye kigoda, fimbo magotini, mkono kwenye kitufe, na hakuna aliyembishia.

Siku moja Halima alikuwa anaandika maombi ya chuo cha ualimu. Ilibidi yachapishwe na yapande gari la Meru saa kumi na moja jioni. Alikuwa amebakiza ukurasa mmoja zamu yangu ilipofika. Baba akazungusha B, nikaanza mchezo wangu wa karata. Kisha akaisikia kompyuta ya Halima bado inanguruma.

"Huyu amekwisha kunywa. Anasimama hapa kufanya nini?"

Akainama, akachomoa waya ukutani. Nilimwona, nikanyamaza. Karata zilikuwa zinanikubali.

Halima hakuwa amehifadhi hata neno. Aliweka paji la uso juu ya kibodi.

"Sasa maji yamekwenda wapi?" Baba akauliza.

"Yamemwagika, Aba."

Baba akainama tena. Akarudisha waya, akazungusha A, na kwa mara ya kwanza akavunja herega yake mwenyewe. Zamu yangu ikafa. Alipoondoka kuswali alasiri aliniachia mimi ulinzi wa kitufe, nami nilikishika kwenye A mpaka vidole vikafa ganzi. Halima alipomaliza, Baba alitoka mbio na disketi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Leo Halima ni mwalimu huko Sericho. Watoto wangu nikiwasimulia wananionea huruma: "Lakini Mama, si mngebuy tu skrini ingine?" Wao ni watatu, na kila mmoja ana yake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Chakula kikiiva nawatumia ujumbe.

Mwezi uliopita Baba alikuja kututembelea. Alizunguka nyumba polepole na fimbo yake, akahesabu skrini zote, kisha akaja kuketi na mimi sebuleni, wawili tu.

"Kila ng'ombe na kisima chake," akasema. "Sasa nyinyi mnakutana wapi?"