Kuchagua agile kwenye kampuni ya watu watatu: yaliyonikuta Bujumbura wakati wa vita

Wakuu, habari za humu. Nimeona mnabishana agile ipi inafaa kampuni ndogo, nikaona niseme yangu. Sitatia chumvi, hata nguvu ya kuitia sina.

Miaka ya mwisho ya vita nilikuwa nafanya kazi Bujumbura. Kampuni ilikuwa na watu watatu: bosi wetu Gaspard, Elias na mimi.

Mteja mmoja tu, Mzee Salim mwenye duka la dawa pale Jabe. Alitaka programu ya stoo imwonye dawa zikikaribia kuisha muda. Tukimpoteza huyo, tunafunga.

Gaspard alikuwa amesoma kwenye cyber mambo ya agile, yaani kutengeneza programu kidogo kidogo huku mteja akiiona, akatukalisha tuchague. Njia ya kwanza, kila mtu na kipande chake cha code, na kila Alhamisi tunamwonyesha mzee kilichokamilika.

Ya pili ni Alhamisi hiyo hiyo, ila wawili mnakaa kwenye kompyuta moja, mnapokezana keyboard.

Mimi nilitaka ya kwanza. Nilikuwa nimechoka, wakuu. Usiku unasikiliza risasi, asubuhi ukabanane na mtu anayekukosoa kila mstari?

Elias alitaka ya pili. Sikumwelewa, maana yeye ndiye alikuwa mkali wa code kutuzidi. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, amepanga Gatumba karibu na mpaka wa Kongo, na barabara ya kule ilikuwa inafungwa wakati wowote.

Akasema taratibu, kama anataja bei ya mchele:

"Iko siku mi sitafika. Sitaki kazi ikufe juu yangu. Ile mi najua, na we uijue."

Tukachukua ya pili, mimi na Elias kwenye mashine moja.

Pair programming, ndiyo hiyo ya wawili keyboard moja, inachosha, asikudanganye mtu. Tulikwenda polepole, na Mzee Salim kila Alhamisi ananuna, anauliza wasomi wawili wanafanya nini kwenye mashine moja.

Umeme ukikatika, Elias alinieleza kwa mdomo. Nikamzoea, mpaka nikawa najua akinyamaza anawaza nini.

Kisha kukawa na mapigano upande wa Gatumba, Elias hakuja. Baada ya siku kadhaa tukasikia amevuka na familia yake kurudi Uvira, wote wazima.

Nilikaa peke yangu, nikafungua kazi tuliyoiacha katikati. Nikakuta naijua yote. Nikaimaliza, mzee akaipokea, kampuni ikapona.

Elias alipopata simu alipiga, akauliza kama kuna mahali tumekwama.

"Apana, inatembea," nikamwambia kwa Kiswahili chake.

Akasema: "Basi ni vizuri."

Nilitamani sana kusema tumekwama, arudi.

Somo langu ni hili: kabla ya kubishana sprint, yaani vile vipindi vya kazi, ziwe za wiki ngapi, jiulizeni nani akikosekana kesho kazi inasimama. Anzieni hapo. Sisi tulianzia hapo, na kazi haikusimama hata siku moja.

Ila waliowahi kuachiwa code na mwenzao wanisaidie: kesho yake mliwezaje kukaa kwenye ile mashine bila yeye?