Wembe wa Baba Mkubwa

Nina pafu moja. La kushoto lilitolewa hospitali ya rufaa, Mwanza, baada ya kifua kikuu kulimaliza. Nikarudi nyumbani Dutwa na mshono kutoka chini ya titi hadi mgongoni, nikaanza hata kupalilia pamba: mstari mmoja, napumzika, mstari mwingine.

Halafu ikaja homa, na jasho la kulowesha godoro. Daktari wa Bariadi akanionyesha kwenye picha: ile nafasi iliyoachwa na pafu imejaa usaha.

"Urudi Mwanza wiki hii hii," akasema. "Safari hii hawakupasui vile. Wanatoboa matundu madogo, wanaingiza kamera, wanasafisha. Ukichelewa, usaha unaweza kuingia kwenye pafu lililobaki."

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba na mwenye kauli ya mwisho kwetu, akakataa. Mtoto wake hakatwi mara mbili. Mara ya kwanza alishinda nje ya chumba cha upasuaji kutwa nzima, akaapa haitarudiwa. Usaha huo, akasema, umetumwa na mtu. Mimi mwenye kifua sikuulizwa.

Kesho yake asubuhi akaleta mganga wa kienyeji na kiwembe chake. Nikasema sitaki. Baba mkubwa akanijibu kwa upole kabisa:

"Mgonjwa haulizwi uji."

Uji! Hivi wembe ni uji? Nikachanjwa chale kumi na mbili, tena upande wa kulia, juu ya pafu langu la pekee, kwa sababu eti kushoto pana mshono, pagumu! Dawa nyeusi ikasuguliwa humo. Tena nikaambiwa nisitoke nyumbani siku saba. Jamani, siku saba! Nikikumbuka, hasira inanipanda mpaka meno yanauma.

Siku ya nne nilikuwa siwezi kumaliza sentensi. Mama yangu, ambaye hajawahi kumpinga shemeji yake tangu aolewe, akaita bodaboda, akanipakia katikati, yeye nyuma amenishikilia. Baba mkubwa akatoka mbio: tunakwenda wapi, nani ameruhusu?

"Mgonjwa haulizwi uji, shemeji," mama akasema, na pikipiki ikaondoka.

Mwanza walitoboa matundu matatu tu. Niliamka na mpira ubavuni, usaha ukishuka kwenye chupa, nikavuta pumzi ikafika mwisho. Daktari akauliza zile chale ni za nini. Nikaona aibu, kisha nikakasirika zaidi: kwa nini aibu iwe yangu?

Niliporudi Dutwa, baba mkubwa alikuja kunitazama. "Mwangaluka," akasalimu, akakaa, akaomba kuona. Nikainua blauzi ubavuni. Makovu matatu, kila moja halizidi ukucha.

"Ni haya tu?" Machozi yalimlengalenga. "Haya tu ndiyo niliyokuwa nayaogopa?"

Nikashusha khanga na blauzi begani, nikamwonyesha upande wa kulia. "Na hizi ni zako. Hesabu."

Hakuhesabu. "Pole, mwanangu," akasema.

Pole hujibiwa, hata mtoto mdogo anajua. Mama alisimama mlangoni na sahani ya michembe ya viazi vitamu, akinisubiri niseme asante. Watu wote wananiambia alifanya kwa mapenzi. Najua ni kwa mapenzi, na ndiyo maana nilikaribia kufa bila mtu wa kumshtaki.

Nikapandisha khanga yangu. Sikuijibu ile pole, na mpaka leo sijaijibu.