Beberu Aliyeombwa na Shangazi

Sikulala kwa sababu ya kamasi. Beberu wetu alikuwa na kamasi nzito puani na machozi yaliyoganda machoni, nami sikujua kama ni mafua tu au ni sotoka, ule ugonjwa wa virusi unaoweza kumaliza mbuzi zizi zima. Nikilalia ubavu huu, mafua. Nikigeuka, sotoka. Nina shahada ya ugavi, mbuzi sikuwasomea.

Huku kwetu Mkange beberu mzuri hatulii nyumbani. Majirani humwomba, akakaa kwa huyu wiki, kwa yule wiki, apande majike yao, kisha arudi. Baba hakuwahi kumnyima mtu. Sasa ilikuwa zamu ya shangazi, dada yake mkubwa, mjane anayeishi kwa kutegemea mbuzi wake wachache.

Asubuhi alifika na kamba begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Bwana harusi kishaoga?"

Baba akacheka. Nilimvuta pembeni nikamwambia beberu hataki kula, na mdomoni ana vidonda.

"Miiba hiyo. Si juzi tu alikuwa kwenye michongoma?"

"Na kuhara je, baba?"

"We na simu yako! Ukiumwa kichwa tu, unajisomea umeshakufa."

Kweli, ndivyo nilivyo. Nikaanza tena upya: nikisema, kumbe ni mafua, nimemfanya baba aonekane mchoyo kwa dada yake. Nikinyamaza, kumbe ni sotoka, zizi la shangazi limekwisha. Nilichoka, nilichoshwa na kichwa changu mwenyewe. Wakati huo shangazi alishamvisha beberu kamba.

Nikaishika. "Shangazi, huyu anaumwa. Usiende naye. Na ukifika kwako, nawa, ubadili nguo kabla hujaingia zizini."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia baba. "Leo unaninyima mbuzi, ndugu yangu?"

Baba alitazama miguu ya nyuma ya beberu, ilivyolowa kinyesi.

"Ninayekunyima ni mimi," nikasema.

Nilimfungia beberu peke yake kwenye banda tupu la kuku, nikampigia simu bwana mifugo aje. Kisha nikanawa, nikabadili nguo, nikatoka kwenda kuwaambia wote waliomwazima. Nilianza na nyumba aliyotoka wiki iliyopita.