Habari za Pampu ya Mpapura

Ofisi yetu ya maji pale Mtwara mjini ilipoletewa mfumo mpya wa kompyuta, meneja aliifunika kompyuta kitambaa cha kudarizi. Wageni wakija kilifunuliwa, wakaonyeshwa ramani ya vijiji, kila pampu na taa yake: kijani ni nzima, nyekundu ni mbovu. Zote zilikuwa kijani. Wageni walikunywa soda, wakasifu.

Kazi yenyewe haikuwa na jasho. Kila Jumatatu dada wa simu aliwapigia walinzi wa pampu, akauliza hali, akanitajia jibu, nami nikabofya. Meneja alikuwa mkali kwenye mambo ya vocha, kwa hiyo simu zilikuwa fupi.

Idd ile nilikwenda Mpapura kwa mama yangu. Nilimkuta njiani anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, amesimama kidogo kulipumzisha goti. Pampu ya kijiji, karibu kabisa na mlango wake, ilikuwa imekufa tangu kabla ya Ramadhani. Kuku alikuwa amelala juu yake. Nilipandwa na hasira, pilau nikaiacha.

Nikamfuata mlinzi wa pampu, mtu mzima, mstaarabu. "Mbona kila wiki unatuambia nzuri?"

"Si huyo dada yenu kaniuliza habari?" akasema. "Mtu hajanikosea kitu, nimwanzie na shida? Nikishasema nzuri ndiyo nataka kumweleza, naye keshakata."

Niliporudi kazini nikamweleza meneja. Akafunua kitambaa, akaelekeza kidole kwenye taa ya Mpapura.

"Kijani," akasema. "Mfumo huu umetengenezwa na wataalamu."

Nikamwambia wataalamu hawachoti maji bondeni, anayechota ni mama yangu. Dada wa simu akajifanya anatafuta kalamu. Nikapiga simu mwenyewe, nikaweka spika, nikamkabidhi meneja.

"Habari za Mpapura, mzee?"

"Nzuri, mkuu."

"Na pampu?"

"Nzuri tu."

Meneja akanitazama kwa huruma, kidole kikaenda kukata. Nikamshika mkono. Kwa hesabu yangu kazi ilikuwa imeshaota mbawa, basi nikaendelea kumshika. Vocha ikazidi kuliwa.

"Ila mkuu," mzee akasema, "haitoi maji."

Hatukununua mfumo mwingine. Tulibadilisha swali tu: leo mmechota maji wapi? Wiki hiyo karibu ramani nzima iligeuka nyekundu. Meneja akairudishia kompyuta kitambaa chake, akaanza kutuma mafundi. Mpapura walifika mapema.

Nikampigia mama. Nikamuuliza kama maji yanatoka, akasema yanatoka, alhamdulillahi.

"Na wewe mwenyewe, mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Siku zote hapo ndipo nilipokuwa naaga. Safari hii nilinyamaza, simu sikioni. Nikasikia ndoo ikijaa.

"Ila goti," mama akasema, "halikunjiki tena."